Pendeza bila kuchemka: Mavazi ya mama katika joto la Dar

Kuanzia Desemba hadi Machi, upepo wa kaskazi ukiwa umeshika pwani, joto la mchana Dar es Salaam hufika nyuzi 31 hadi 33. Kinachomchosha zaidi mkazi wa Mbagala, Tandika, Tegeta au Bunju ni unyevu. Hewa imeshiba maji ya bahari, jasho linatoka lakini halikauki, na nguo iliyopigwa pasi saa 12 asubuhi inafika kazini ikiwa imeshagandana na mgongo.

Miezi hiyohiyo ina shughuli nyingi. Desemba kuna harusi, Januari kuna vikao vya wazazi shuleni, na misiba haina msimu. Katikati yake kuna ofisi, kliniki, kikoba, kanisa na msikiti. Kila mahali pana vazi lake, na kila vazi lina macho ya watu. Wanawake wengi huona bora waumie kuliko waonekane vibaya. Mama anavaa gauni la satini lililobana, gagulo la nailoni chini yake na taiti ya kushika tumbo, kisha anatabasamu kwenye picha kwa saa sita. Wiki inayofuata anajikuna chini ya matiti na katikati ya mapaja, na fedha ya sokoni inaishia duka la dawa.

Si lazima iwe hivyo. Kwa mji kama Dar, uzuri wa vazi huanzia kwenye kitambaa na nafasi ya kupumua. Mshono hufuata, na bei huja mwisho. Anayefuata mpangilio huo hupendeza ofisini, harusini na msibani bila kuiadhibu ngozi yake wala mfuko wa nyumba.

Jasho linahitaji njia

Mwili hujipoza kwa jasho, lakini jasho halipozi kwa kutoka tu. Linapoza pale linapokauka juu ya ngozi na kuondoka na joto. Hewa yenye unyevu mwingi hulichelewesha, na nguo isiyofaa hulizuia kabisa.

Hapo ndipo kitambaa kinapohesabika. Pamba huweza kushika unyevu wa hewani unaofikia takriban asilimia 8 ya uzito wake, wakati poliesta haifiki hata asilimia 1. Ndiyo maana blauzi ya poliesta, hata ikiwa nyembamba kama karatasi, huliacha jasho limesimama mwilini, huku ile ya pamba ikilinywa na kulitoa nje taratibu.

Jambo la pili ni nafasi. Nguo pana husukuma hewa kila unapopiga hatua: hewa ya moto inatoka, nyingine inaingia. Gauni la pamba linalobana kifuani na mapajani linapoteza nusu ya faida yake. Pamba nayo ina udhaifu wake, kwa kuwa ikishalowa huchelewa kukauka. Anayesafiri na daladala mbili kufika kazini atafaidika akibeba blauzi ya akiba kwenye mkoba na kubadilisha akifika.

Kabla hujalipa

Kariakoo, Tandika au Karume, muuzaji akikuambia, "Hii pamba tupu, dada," usibishane naye. Omba uzi mmoja kutoka kwenye ncha ya kitambaa, ushike kwa kibano na uuwashe kiberiti mahali pa wazi, mbali na watoto. Uzi wa pamba huungua kama karatasi, hunuka kama karatasi na kuacha majivu mepesi yanayosagika kwa kidole. Uzi wa poliesta husinyaa, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Ukiona yote mawili, ujue ni mchanganyiko.

Kama hakuna kiberiti, kifinye kitambaa kwenye ngumi kwa sekunde chache. Pamba huacha mikunjo, poliesta hufunguka kama haikuguswa. Tone la maji nalo husaidia, kwa sababu pamba hulinywa na poliesta huliacha likiteleza. Kumbuka tu kwamba kanga na vitenge vipya huwa na wanga, hivyo maji huchelewa kuingia mpaka vifuliwe mara ya kwanza.

Kwenye mitumba, lebo ya ndani ndiyo shahidi. Cotton ni pamba na linen ni kitani, na vyote viwili vinafaa kwa joto. Viscose au rayon ni kitambaa laini kinachotokana na massa ya miti, nacho hunywa jasho vizuri. Baadhi ya madera laini ni ya aina hiyo. Polyester na nylon ziwe za mwisho kwenye orodha yako. Nguo ya mtumba ifuliwe kwa sabuni, ianikwe juani na ipigwe pasi kabla ya kuvaliwa. Nguo za ndani za mitumba Tanzania imekataza ziingizwe nchini, hivyo bei yake isikushawishi. Kwa chupi na sidiria, pamba mpya ya bei ya kawaida ni bora kuliko leisi ya nailoni ya bei ghali.

Kwa bahati, vazi la pamba si geni kwa familia za Dar. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, kiliwavalisha mabibi na mama wa leo kanga na vitenge vya pamba. Siku hizi sokoni vimejaa vitenge vya poliesta vinavyong'aa na kuteleza mkononi. Bei yake huvutia, lakini mwenye kuvivaa kwenye jua la saa nane mchana ndiye anayelipa tofauti.

Tahadhari nyingine iko kwa fundi. Wapo wanaonunua kitenge kizuri cha pamba, kisha kinawekwa bitana ya poliesta kuanzia shingoni hadi magotini. Ngozi inakutana na bitana, si na kitenge. Mwambie fundi mapema kwamba unataka bitana ya pamba nyepesi, au aiweke kifuani tu, au asiweke kabisa na uvae shimizi ya pamba.

Ofisini na kwenye vikao

Mjadala wa mavazi ya wanawake Dar una umri mrefu. Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana iliyolenga sketi fupi, mawigi, krimu za kuchubua ngozi na nguo za kubana, na utekelezaji wake ukapangwa kuanza Januari 1969. Hadi leo watumishi wa umma wana mwongozo wao wa mavazi, na katika baadhi ya ofisi hata mgeni aliyevaa nguo fupi, ya kubana au inayoonyesha mwili anaweza kurudishwa getini.

Lakini heshima na joto havigombani. Gauni la kitenge linalovuka goti, lenye mkono wa nusu na lililopanuka kuanzia kiunoni, linakidhi yote mawili. Vivyo hivyo sketi pana na blauzi ya pamba, au suruali pana ya kitani na shati lisilobana kwapani. Mwambie fundi aongeze upana kidogo kwapani na mgongoni, kwa sababu hapo ndipo jasho huanzia na hapo ndipo nguo huchanika mapema.

Rangi nayo ina siri yake. Jasho huonekana haraka kwenye kijivu na bluu ya mpauko. Hujificha kwenye nyeupe, bluu iliyokolea na nguo zenye maua au michoro, na kitenge ni bingwa hapo. Kama ofisi inadai koti, koti lilale ofisini. Hakuna haja ya kulivaa kwenye daladala. Kwa wanaofanya kazi penye kiyoyozi, mtandio wa pamba unatosha kuzuia baridi ya mchana.

Kwenye kikao cha wazazi shuleni, wengi hukaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai. Plastiki na poliesta kwa pamoja hugeuka jiko. Dera la pamba au gauni pana, pamoja na makubazi, litakupa utulivu wa kusikiliza habari za mtoto badala ya kutazama saa.

Harusi, sendofu na kicheni pati

Hapa ndipo mifuko inapotoboka. Kamati hukaa, sare huchaguliwa, na kila shangazi na rafiki hutakiwa kununua. Mara nyingi kinachochaguliwa ni satini au leisi ngumu, kwa sababu hung'aa kwenye picha. Sherehe huanza kanisani au msikitini mchana, huhamia kwenye picha juani, kisha ukumbini hadi usiku. Nguo ile moja inakaa mwilini zaidi ya saa nane.

Kamati ina nafasi ya kuwasaidia kina mama. Ikichagua kitenge cha pamba au pamba yenye urembo wa leisi begani na kwenye pindo, sare itapendeza na itarudi kazini baada ya harusi. Kitenge cha yadi 6 kinaweza kutoa gauni la mama na bado kikabaki kipande cha gauni la binti mdogo. Anayeshona vipande viwili, blauzi na sketi, anaweza kuvitenganisha baadaye na kuvivaa na nguo nyingine. Nguo ya siku moja inayolala kabatini ni ada ya mtoto iliyokunjwa.

Kama satini imeshapitishwa na huna la kusema, omba mshono wa kukuokoa: mgongo wenye nafasi, mkono mpana, sketi isiyobana mapajani, na shimizi ya pamba badala ya gagulo la nailoni. Taiti ya kushika tumbo ikivaliwa, iwe kwa saa chache tu, si mchana kutwa. Viatu vya mchuchumio viwekwe kwenye mfuko hadi mlangoni, na viatu bapa vifanye safari.

Ulembo wa uso nao hulowa. Kwa sherehe ya mchana, rangi chache na kitambaa cha pamba cha kufutia jasho kwa kugusa, bila kusugua, hudumu kuliko tabaka tatu za poda.

Msibani

Msiba wa Dar ni wa kukaa chini. Kina mama huketi mkekani kwa saa nyingi, wengine hulala hapo hadi siku ya tatu, wakipika, wakihudumia na kumshika mfiwa mkono. Vazi la msiba ni la kazi na la heshima kwa pamoja, na hakuna lililoishinda doti ya kanga. Moja kiunoni juu ya gauni pana, nyingine kichwani au begani. Ukihitaji kubeba mtoto, kujifunika usiku au kufuta jasho, kanga ipo.

Angalia mambo mawili. Kwanza, iwe ya pamba, kwa kuwa zimeingia kanga za poliesta zinazoteleza kiunoni kila unapoinuka. Pili, soma jina lake kabla hujatoka. Kanga ya mafumbo ya kumsema jirani ina siku yake, na siku hiyo si ya maziko.

Baibui jeusi na jua

Wengi huamini kwamba baibui jeusi ni lazima lichome kuliko jeupe. Mwaka 1980 watafiti walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kupima majoho ya Wabedui kwenye jangwa la Negev. Walikuta kwamba joto lililoufikia mwili lilikuwa sawa, joho likiwa jeusi au jeupe. Jeusi lilinyonya joto zaidi juu, lakini upana wake uliliwezesha joto hilo kupotea kabla ya kufika kwenye ngozi.

Jangwa ni kavu na Dar ni ya unyevu, hivyo matokeo hayo hayahamishwi yote kama yalivyo. Somo linalobaki ni kwamba upana na kilicho chini ya vazi vina uzito mkubwa. Mama anayevaa baibui juu ya jinzi, gagulo na blauzi ya mikono mirefu amevaa tabaka nne. Gauni jepesi la pamba chini ya baibui pana linatosha. Ushungi wa ndani nao uwe wa pamba inayonyonya, maana kichwa kinachotokota huleta maumivu ya kichwa mapema.

Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 10 au 11 kuliko wa kawaida, na katika miaka hii Ramadhani imekuwa ikiangukia karibu na miezi ya joto. Aliyefunga hawezi kurudishia maji mchana, hivyo kila tabaka la nguo lisilo la lazima linaongeza kiu. Nguo nyepesi, kivuli na shughuli nzito kusogezwa asubuhi au jioni vinampunguzia mwili mzigo.

Kliniki na mama mjamzito

Mimba huongeza joto mwilini na kazi ya moyo. Novemba 2023 mashirika ya Umoja wa Mataifa ya WHO, UNICEF na UNFPA yalitoa wito wa pamoja yakieleza kwamba wajawazito na watoto wachanga wameachwa nyuma katika mipango ya kukabiliana na joto kali na mabadiliko ya tabianchi. Sehemu ya ulinzi huo inaanzia nyumbani, kabatini.

Kwa kliniki, vipande viwili ni rahisi kuliko gauni refu la kubana: blauzi pana na sketi yenye lastiki laini inayokaa chini ya tumbo. Muuguzi atapima tumbo bila kukuvua nguo zote. Mkono wa blauzi uwe mpana wa kupanda juu ya kiwiko, kwa sababu mkono uliokunjwa na kubana unaweza kuharibu kipimo cha presha. Anayenyonyesha atafute gauni lenye vifungo au zipu mbele.

Mtoto mchanga naye anasikia joto kama mama yake. Katika mchana wa nyuzi 32 hahitaji sweta, kofia ya sufu na blanketi. Gusa kifua au shingo yake. Ikiwa imelowa jasho, mpunguzie.

Mwenye ualbino, awe mama au binti, ana hesabu tofauti. Jua kwake ni hatari ya saratani ya ngozi, hivyo mikono mirefu, sketi ndefu na kofia pana ni vya lazima. Kitambaa kiwe cha pamba iliyofumwa vizuri. Kinyanyue juani, na kama mwanga unapenya kirahisi, jua nalo litapenya.

Safari iamue vazi

Vazi huchaguliwa mbele ya kioo, lakini hujaribiwa barabarani. Gauni linalobana humlazimisha mwanamke kukaa upande kwenye bodaboda, mahali ambapo kuanguka ni rahisi. Kanga, mtandio au pindo la baibui linalopepea linaweza kunasa kwenye spoku au mnyororo na kumvuta abiria chini. Kusanya nguo yote, ikalie, na funga mtandio kwa ndani kabla dereva hajaondoka. Kilemba kikubwa hakiingii kwenye kofia ngumu. Kifunge ukifika, na kofia ivaliwe njiani. Kama gauni la sherehe haliruhusu kukaa vizuri, chukua bajaji, au livae ukifika.

Ngozi ikishaumia

Vipele vidogo vinavyochoma shingoni, kifuani na mgongoni mara nyingi ni harara, inayotokea vijitundu vya jasho vinapoziba. Hupungua kwa kuoga maji ya kawaida, kukausha ngozi na kuvaa nguo pana, bila mafuta mazito. Wekundu unaowasha chini ya matiti au kwenye mapaja, wenye unyevu au harufu, unaweza kuwa fangasi. Muwasho ukeni nao huweza kuchochewa na nguo za ndani za nailoni na taiti zinazokaa mwilini kutwa.

Kosa kubwa ni kukimbilia krimu za kuchanganya za mtaani. Nyingi huwa na dawa kali za steroidi zinazotuliza muwasho kwa siku chache huku fangasi ikienea chini kwa chini. Muwasho usioisha ndani ya wiki moja au mbili upelekwe kituo cha afya kilicho karibu.

Joto likizidi, mwili husema. Kizunguzungu, kichefuchefu na maumivu ya kichwa ni ishara ya kutafuta kivuli, kulegeza nguo na kunywa maji. Kanga iliyoloweshwa maji na kupepewa hupoza haraka. Mtu akianza kuchanganyikiwa au kupoteza fahamu, apelekwe hospitali mara moja huku akiendelea kupozwa njiani.

Kabla ya kutoka

Ukishavaa, usimalizie kwenye kioo. Inua mikono yote miwili kama unayeshika bomba la daladala. Kaa kwenye kigoda, kisha chuchumaa kama unayemfunga mtoto kamba za viatu. Vuta pumzi hadi mwisho. Kama kuna mahali panapokaza, panapovuta au panapopanda, siku nzima utakuwa ukishughulika na nguo badala ya watu uliowafuata. Fundi wa kuongeza inchi mbili ubavuni hayuko mbali, na gharama yake ni ndogo kuliko tyubu ya dawa ya fangasi.